Mwana wa Gona

Karani aliipitia karatasi ya Erastus taratibu, kidole chini ya kila mstari, mpaka akafika penye neno kabila. Hapo kidole kikasimama.

"Umeandika Misheni," alisema.

"Ndivyo kipande changu kinavyosema," Erastus akajibu.

"Kipande ni cha kutafutia kazi. Hii unayoomba ni pasi ya kuvukia bahari. Misheni si kabila, mwalimu."

Justus, babake Erastus, alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, kofia mkononi, kavaa koti lake la kanisani ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Hakuitwa. Alikuja kwa sababu hakuweza kukaa kwenye karakana yake siku kama ile. Alidhani ataona mhuri ukigongwa, kisha watarudi zao Kisauni kwa miguu, wapite daraja la Nyali, na kila watakayekutana naye njiani atamwambia habari ile.

"Andika Mnyasa basi," Justus alisema. "Babangu alikuwa Mnyasa."

Karani yule, Mkamba aitwaye Mutua, aliinua macho. Hakuwa mtu wa dharau. "Mzee, nikiandika Mnyasa, bwana mkubwa ataniuliza chifu wake huko Nyasa ni nani. Lazima iwepo barua ya chifu inayosema, huyu namjua, babake namjua, na akipatwa na jambo ugenini, arudishwe kwangu. Serikali inataka kujua mtu arudishwe wapi."

"Arudishwe Kisauni. Nyumba yangu iko pale, karibu na kanisa. Nimezaliwa pale."

"Kisauni ina wenyewe, mzee. Nyinyi mliletwa."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anavyosema leo kuna joto. Lakini Justus alilibeba neno hilo mpaka nyumbani, na Kahaso, mkewe, alipomwuliza habari za ofisini, ndilo alilomtolea.

"Wamesema sisi tuliletwa."

Ni kweli waliletwa. Kijiji cha Misheni pale Kisauni kilianzishwa kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Babake Justus alitekwa akiwa mtoto, manowari ya Waingereza ikamkuta baharini, akapelekwa India kulelewa na wamisionari. Huko alifundishwa useremala, na alipokuwa kijana akaletwa Kisauni, akapewa kiwanja na jina la Kizungu. Alichomsimulia mwanawe kuhusu India ni viboko alivyopigwa mpaka akajua kushika randa. Mamake Justus, Bibi Jerioth, aliteremshwa pwani hii akiwa mtoto mdogo. Justus mwenyewe alizaliwa kijijini hapo, akarithi misumeno ya babake, akatengeneza milango ya nyumba nyingi za Kisauni na majeneza ya wazee karibu wote waliozikwa nyuma ya kanisa. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, hakuwa na nyingine ya kurudia. Majirani waliwaita Wamisheni, nao walijiita hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuona kwamba jina hilo lina pengo.

Erastus alikuwa mwanawe wa pekee, mwalimu wa skuli ya kijiji. India ilikuwa imepata uhuru wake mwaka uliopita, na sasa ilikuwa ikiwapa Waafrika nafasi za kusoma katika vyuo vyake. Erastus aliomba, akakubaliwa. Habari hiyo ilitangazwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na wazee wakamshika Justus mkono kana kwamba yeye ndiye aliyefaulu. Masomo yangeanza katikati ya mwaka. Kilichobaki ni pasi tu.

Mzungu mkubwa wa ofisi aliwapa njia moja. Waandikie serikali ya Nyasa, wataje kijiji cha babu na chifu wake, kisha wangoje. Babu alikuwa amekufa zamani na hakuacha neno. Aliyebaki ni Bibi Jerioth.

Bibi aliishi chumba cha nyuma, macho yamefifia lakini masikio mazima. Erastus alikaa mkekani mbele yake na kalamu.

"Bibi, kijiji chenu kiliitwaje?"

"Kwetu."

"Nauliza jina lake, bibi."

"Ndilo jina lake. Tulikuwa tukisema kwetu. Mtoto mdogo hajui watu wengine wapaitaje kwao." Akafikiri kidogo. "Palikuwa na mto. Mama alikuwa akipika majani ya maboga na karanga. Alikuwa na chale hapa." Akajigusa shavu.

"Na chifu wenu?"

"Chifu ndiye nani?"

Erastus akaiweka kalamu chini. Justus, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kumwambia mamake inatosha, lakini bibi akaendelea mwenyewe.

"Hata jina langu limenipotea. Hili la Jerioth nilipewa na padre. Alitukalisha wasichana safu moja akatugawia majina ya Biblia, kila mtu lake. Lile la mama nimelitafuta sana. Nikasema nikizeeka litarudi, maana watu husema mambo ya utotoni hurudi. Basi nimezeeka."

Waliandika kila walichoweza, mto, babu, manowari, na kumtaja Justus kuwa ndiye baba wa mwombaji. Jibu lilikuja mvua za masika zikiwa zimeanza, nalo lilikuwa fupi. Huko Nyasa hakuna habari za mtu huyo wala za ukoo wake.

Ndipo Kahaso aliposema jambo alilokuwa amelinyamazia tangu mwanzo.

Kahaso alikuwa Mgiriama. Kaka yake, Gona, alikuwa mzee wa serikali upande wa Shanzu, mtu wa kuamua kesi za mbuzi na mipaka, mwenye beji ya shaba aliyoivaa akienda mjini. "Barua ya kaka yangu itakubaliwa pale ofisini bila maneno mengi," alisema. "Aseme mtoto ni wake. Na kwamba sisi tulimchukua mdogo tukamlea ili apate skuli. Watoto wangapi wa kwetu wamelelewa hapa Misheni na shangazi zao?"

"Kwa hiyo wewe utakuwa shangazi," Justus alisema.

"Kwenye karatasi. Uchungu wa kumzaa ninao mimi, karatasi haitauchukua."

"Na mimi?"

Kahaso aliendelea kupepeta mchele kwa muda. "Wewe utakuwa mume wa shangazi."

Jumamosi yake walitoka asubuhi, wote watatu, wakapita Mishomoroni, wakashika njia iliyokata shamba la mkonge mpaka Shanzu. Gona aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyependa kupoteza maneno. Wakala, wakanywa maji, kisha Kahaso akaeleza shida yao. Gona alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Shemeji," akamwambia Justus, "wajua kwamba sikuipenda ndoa hii. Si kwa ubaya wako. Nilikuja kuuliza ndugu zako wako wapi, tukae nao tuzungumze mambo ya dada yangu. Nikaonyeshwa padre."

"Ndivyo tulivyo," Justus akasema.

"Najua. Leo sina neno, umemtunza. Lakini mnaloniomba ni uongo, na mimi nimeapa mbele ya serikali. Nikisema huyu ni mwanangu na si mwanangu, siku ikijulikana nitafungwa. Na nisipofungwa, wale pale watakuwa wamenisikia."

Akaelekeza kidevu upande wa kibanda kidogo cha makuti. Chini yake zilisimikwa nguzo fupi za mbao, zimefungwa vitambaa. Zilikuwa koma, nguzo za mizimu ya babake na babu zake.

"Kaka," Kahaso alianza.

"Ngoja, sijakataa. Nasema sisemi uongo. Mtoto aje kwetu, tumwingize kweli. Tuchinje, tumtaje mbele ya wazee na mbele ya koma, tumpe jina. Tangu siku hiyo ni mwanangu, kwa walio hai na kwa waliokufa, na Mzungu akiniuliza nitamjibu bila kutetemeka. Lakini mjue jambo hili halirudishwi. Si nguo ya kuazima. Akirudi kutoka huko India atakuwa bado wangu. Akioa, mahari natoa mimi. Nikifa, yeye ni mmoja wa watakaonizika."

Justus alikuwa akizitazama zile nguzo. Zilikuwa za mti wa mhuhu, mti usioliwa na mchwa, na aliyezichonga alikuwa na tezo nzuri na subira nyingi. Aliona nguzo ya zamani zaidi ilivyochakaa upande unaopigwa na mvua. Yeye mwenyewe alikuwa amemtengenezea babake jeneza la mbao za sanduku, kwa kuwa mwaka ule hakukuwa na mbao nyingine.

"Nipe muda nifikiri," akasema.

"Fikiri. Na mwulize kijana. Yeye ndiye atakayechinjiwa."

Waliporudi, Kahaso alitangulia mbele makusudi. Erastus alitembea kando ya babake, akipiga majani ya mkonge kwa kijiti.

"Baba, ukisema hapana nitabaki. Sitakulaumu."

Justus alijua kwamba hatamlaumu kwa mdomo. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda." Baada ya hatua chache akaongeza, "Naona haya kukuambia hivyo, lakini nataka kwenda."

Justus alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyesoma somo la kwanza Jumapili, na alijua padre angesema nini kuhusu kuchinja mbele ya koma. Hakumwambia padre. Aliyemwambia ni mamake, akikaa ukingoni mwa kitanda chake, akitarajia kukemewa na karibu akitaka kukemewa.

"Mimi niliingizwa kwa padre bila kuulizwa," Bibi Jerioth akasema. "Huyu angalau ameulizwa."

Maneno hayo hayakumpa Justus faraja yoyote. Usiku kucha aligeuka kitandani, na asubuhi akamwambia Kahaso apeleke habari Shanzu.

Siku ya kuchinja walikusanyika watu wengi kuliko alivyofikiri, wazee na wake zao, na vijana waliokuja kumwona huyo ndugu mpya mwenye viatu. Justus alisimama pembeni na kofia yake. Alikuwa ameazimia kutazama tu, kama anavyotazama ndoa za Waislamu majirani zake, kwa heshima na kwa mbali. Lakini Gona alimwita katikati.

"Wewe uliyemlea," akamwuliza wazee wakisikia, "unamtoa kwa hiari yako?"

Hakuna aliyemwonya kwamba ataulizwa. Alimtazama Kahaso, na Kahaso akatazama chini.

"Ninamtoa," Justus akasema.

Damu ya mbuzi ikamwagwa, tembo la mnazi likamwagwa, na Gona akazungumza na zile nguzo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewajulisha wenyeji wake kwamba mgeni amefika. Kijana akapewa jina la Nguma, jina la babake Gona. Kisha mzee mmoja akamshika mkono, akaanza kumtajia mababu zake wapya, Nguma wa Gona wa Nguma wa Baya, akirudi nyuma jina baada ya jina, na Erastus akiyarudia. Alikuwa mwalimu, kichwa chake kilishika upesi. Akayasema yote tangu mwanzo bila kukosea, na wanawake wakapiga vigelegele.

Justus aliutazama uso wa mwanawe. Alikuwa amejitayarisha kumwona akivumilia, kama mtu anayemeza dawa chungu ili apone. Hakuwa amejitayarisha kuona furaha. Kijana alikuwa na furaha ambayo hakuijua mwenyewe, mdomo wazi kidogo, na macho yake yalikuwa yakitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine kana kwamba anatafuta aliyefanana naye.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akinong'ona yale majina.

"Basi, mwanangu," Kahaso alimwambia walipokaribia nyumbani. "Umekwisha kuyajua."

Tangu hapo Erastus akawa anakwenda Shanzu kila Jumamosi. Alisema anakwenda ili akiulizwa ofisini asibabaike, na huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote. Alirudi na maneno mapya ya Kigiriama, akayajaribu kwa mamake jikoni, na Kahaso akacheka naye, kwa maana tangu kuolewa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo nyumbani. Justus aliwasikia akiwa karakanani, akaongeza nguvu kwenye msumeno. Erastus bado alimwita baba. Lakini siku hizi kabla ya neno hilo palikuwa na kituo kidogo, kama mtu anayevuka mlango akainamisha kichwa asijigonge.

Ombi la pili lilipelekwa na barua ya Gona, iliyoandikwa na mwandishi wa barua wa Shanzu na kutiwa alama ya dole gumba. Cheti cha ubatizo hakikuombwa, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mtoto wa Mgiriama awe nacho. Neno la mzee wa serikali lilitosha. Lakini lile ombi la kwanza lilikuwa bado jaladani, na siku moja ikaja amri kwamba Gona, Erastus na Justus wafike ofisini wote watatu.

Mutua aliwafungulia mlango. Alimtazama Justus, akaitazama karatasi mpya mkononi mwake, na Justus akajua kwamba amekumbuka kila neno la siku ile. Mutua aliwapeleka ndani kwa bwana mkubwa, akakaa kwenye meza yake ndogo na kalamu.

Mzungu yule alizungumza Kiswahili cha kuamrisha, kisicho na adabu wala ubaya mwingi.

"Karatasi ya kwanza inasema baba ni wewe," akamwambia Justus. "Karatasi ya pili inasema baba ni Gona. Baba wawili hapana. Nani baba?"

Justus alikuwa ametengeneza jibu njiani, jibu refu lenye shangazi na skuli. Sasa halikuwepo. Gona alisimama karibu na ukuta, beji kifuani, mikono imetulia. Angeulizwa yeye, angejibu bila kutetemeka, kama alivyoahidi. Erastus alikuwa akitazama sakafu. Justus alimtazama mwanawe kichwani, pale nywele zilipozunguka kama kisulisuli, alama ile ile aliyokuwa nayo marehemu babu yake, na akangoja kijana ainue uso. Kama angeuinua, labda Justus angesema jambo lingine. Hakuuinua.

"Baba ni Gona," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nilimlea."

"Kwa nini ulisema uongo mara ya kwanza?"

Kalamu ya Mutua ilisimama. Justus akasikia sauti yake ikitoka.

"Alikuwa amezoea kuniita baba, bwana. Nikasahau kwamba si wangu."

Mzungu alimtazama kwa muda, kisha akacheka kidogo puani, akaandika kitu. "Usisahau tena," akasema. Akachukua mhuri, akaugonga kwenye karatasi ya Gona, akaugonga tena chini yake, na shauri likaisha.

Nje, kwenye ngazi, Gona alisema, "Shemeji, umesema vema." Justus alivaa kofia akaenda zake mbele. Erastus alimkimbilia mpaka karibu na daraja.

"Baba."

"Nenda na Gona ukale. Mimi nina kazi ya mtu."

"Baba, turudi tukawaambie. Nitabaki."

"Ukirudi leo tutafungwa watu watatu," Justus akasema. "Tena wewe hutaki kurudi. Usinifanye nikukatalie jambo usilolitaka."

Erastus alisimama palepale darajani, na Justus akavuka peke yake. Huo ndio mwisho wa maneno waliyosema juu ya jambo lile. Siku zilizobaki waliishi kwa adabu nyingi. Erastus alimpokea msumeno kila alipomwona ameubeba, akamletea maji ya kunawa kabla hajaomba. Justus alimtengenezea sanduku la safari lenye pembe za shaba, kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, na alipomkabidhi alimweleza kwa kirefu jinsi ya kufungua komeo lake, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo aliloweza kulieleza.

Meli iliondoka Kilindini siku ya mawingu. Erastus alikuwa ameingia bandarini tangu asubuhi na abiria wenzake. Kwa waliokuja kumsindikiza kulitolewa kadi moja tu, ya baba wa msafiri, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Gona wa Nguma. Watatu hao, Gona, Kahaso na Justus, walisimama nje ya lango katikati ya watu wengine, makuli wakiwapita na magunia.

Gona aliigeuza kadi mkononi, akaitazama pande zote mbili. Hakujua kusoma.

"Hapa hakuna picha?" akauliza.

"Hakuna," Justus akasema.

"Basi ingia wewe."

"Jina ni lako."

"Askari hanijui. Chukua, kuwa mimi kidogo." Akamtia kadi mkononi. "Mimi nimekwisha kuagana naye."

Justus alimgeukia Kahaso, akafikiri kwamba yeye ndiye mwenye haki zaidi. Lakini kadi ilikuwa ya baba. "Nenda," Kahaso akasema. "Niliagana naye nyumbani nikiwa mamake. Sitaki kuingia humo nikiwa mtu mwingine."

Askari wa langoni aliichukua kadi. "Jina?"

"Gona wa Nguma."

"Nani wako anasafiri?"

"Mwanangu."

Askari akamrudishia kadi, akampisha. Justus alipita huku masikio yakimvuma. Hakujua kama amesema kweli au amedanganya, na kama amedanganya, ni katika jibu lipi.

Alimkuta Erastus amekaa juu ya sanduku lake kwenye kivuli cha ghala. Kijana aliinuka haraka. "Shikamoo baba." Kisha akachungulia nyuma yake. "Baba Gona yuko wapi?"

"Yuko nje. Amenipa kadi yake."

Erastus alielewa polepole. "Umeingia kwa jina lake?"

"Nimeingia kwa jina lake."

Erastus alitaka kucheka, midomo ikamcheza, akaiuma. Akaushika mkono wa babake kwa mikono yake yote miwili. Mtu mmoja mwenye orodha alikuwa akipaza majina, na watu wakaanza kubeba mizigo.

"Nitaandika nikifika," Erastus akasema. "Nitaandika kwa nani?"

"Kwa Gona. Wasije wakauliza maswali."

"Na ndani ya barua?"

"Ndani andika upendavyo."

Jina lake likaitwa, Erastus Nguma Gona, na ikabidi liitwe tena kabla Justus hajatambua kwamba anayetafutwa ni mwanawe. Akamsaidia kuinua sanduku begani. Lilikuwa zito, na kwa hatua chache walikwenda wameshikana nalo, kisha kuli akalichukua. Erastus aligeuka mara moja juu ya ngazi ya meli, lakini watu walikuwa wengi, na Justus hakuwa na hakika kama ameonekana.

Alipotoka, askari alimwambia kwa upole, "Mzee Gona, Mungu atamrudisha salama."

"Ahsante," Justus akasema, na Gona, aliyekuwa amesimama hatua mbili kando, naye akasema ahsante.

Hawakungoja meli iondoke. Kahaso aliuliza njiani Erastus amesemaje, Justus akajibu kwamba ataandika, na hakuulizwa zaidi.

Barua ya kwanza ilifika Shanzu mwezi wa nane. Gona aliileta mwenyewe Kisauni, kwa miguu, imefungwa ndani ya leso. Kahaso akamtandikia mkeka ndani, Bibi Jerioth akaongozwa kutoka chumba chake, na Justus akavaa miwani yake ya kazini, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kusoma. Aliifungua taratibu asiipasue.

"Mpendwa Baba," akasoma.

Akanyamaza kidogo. Gona alikuwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio, akingoja. Justus akalisoma neno lile tena kimoyomoyo, akautazama mwandiko wake, kana kwamba herufi zenyewe zingeonyesha linamwendea nani. Kisha akaendelea na habari za safari, na mvua za huko, na chakula chenye pilipili nyingi, na hakuna aliyemwuliza alikuwa amenyamazia nini.